Chumvi Katika Mto

Asubuhi ya tatu mto ulirudi kulala
kama mlevi asiyekumbuka alichovunja.
Mtaa wetu wa Wales, safu moja ya nyumba kumi na nne
walizojengewa wachimba makaa, mabega yameshikana,
ulinuka dizeli, tope na zulia bichi.

Mimi nakaa namba kumi na nne, juu kabisa.
Maji yalifika kizingitini pangu, yakanusa, yakageuka.
Ndiyo maana jiko langu tu lilikuwa na umeme,
na birika halikupoa tangu alfajiri,
na wote walikuja na vikombe vyao, na viatu vya mpira,
na hadithi.

Tegwen wa namba moja, chini kule, ndiye aliyeanza:
"Hayakubisha hodi. Yalipandia tundu la choo,
yakitoa sauti ya mtu anayesukutua.
Nikamweka paka kichwani kama kofia ya kanisani,
naye akanichana mpaka hapa."

Bozena akasema hiyo si kitu,
kwao Silesia bibi yake alimpandisha ndama ghorofani,
na ndama akakataa kushuka hadi Pasaka.

"Kwangu kiunoni!" akadakia Haydn wa kumi na tatu.
"Friji ilielea, ikigonga ukuta usiku kucha
kama mtu anayeomba kufunguliwa."
Ukuta wetu ni mmoja. Najua yalimfika kifundoni.
Nikamwongeza chai.

Kufikia saa nne maji yalikuwa magotini.
Saa sita yalikuwa yamepita kifua.
Birika la tano, Tegwen alikuwa akipiga mbizi
kuitafuta ngazi ya nyumba yake mwenyewe.
Kila mmoja akitia chumvi yake kidogo,
mpaka mto wetu wa maji baridi
ukawa bahari mezani pangu.

Mimi nilimimina maziwa.
Mtu mkavu ana aibu yake.

Ndipo Idwal wa kumi na mbili akaingia, hakusema neno,
amebeba beseni la chupa za jemu.
Stoo yake ya chini ilijaa hadi dari.
Vifuniko vilishika, lakini karatasi zilibanduka zote,
zile alizoandika Olwen kwa wino wa buluu:
tunda gani, mwezi gani, mwaka gani.

Bwana wa halmashauri alikwisha tuonya
tutupe chochote kilichoguswa na maji.
Nikachemsha chupa. Nikagawa vijiko.

"Plamu," akasema Bozena.
"Forosadi, na tangawizi ndani yake," akasema Tegwen,
macho amefumba kama mwonja mvinyo.
Haydn akabisha, akalamba tena, akabisha tena.
Idwal aliandika kila tulichosema, kwa penseli,
kwa mwandiko wake mbaya.

Chupa ya saba, Haydn akatema kwenye sinki.
Chumvi. Chumvi tupu, na tufaha.
Tulicheka mpaka Bozena akashika mbavu,
kisha tukamwona Idwal, tukanyamaza mmoja mmoja.
Akachovya kidole, akaonja, hakukunja uso.
"Hii," akasema, "ni ya mwaka alioanza kusahau."
Akaifunga. Hakuiandika. Akaitia mfukoni mwa koti.

Jioni Haydn alibaki kunisaidia kuosha vijiko,
nami nikamwambia, mgongo nimemgeuzia,
hadithi pekee niliyokuwa nayo:
kwamba usiku ule nilisimama dirishani na tochi,
nikiyahesabu maji mlango kwa mlango,
na niliomba, kwa sauti, yaishie kwake.

Alifuta kijiko kimoja muda mrefu sana.
"Mimi niliomba yaishie kwa Idwal," akasema.

Tukageuka kumtazama Tegwen wa namba moja,
ambaye chini yake hakuna jirani, ni mto tu,
amesinzia kwenye kiti changu,
soksi zake zikitoa mvuke karibu na jiko,
na paka kichwani pa kiti, macho wazi.